Kabla Hujanunua Kadi Mpya: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Hitilafu za Grafiki Kwenye AutoCAD, Revit na Wenzao

Mpima ardhi mmoja wa upande wa Ahero alipanda matatu na CPU yake mapajani hadi hapa Kisumu. Mfukoni alikuwa na karatasi ya duka fulani yenye bei ya kadi mpya ya grafiki, kile kifaa cha ndani ya kompyuta kinachochora picha za skrini. Mistari ya mipaka ya mashamba ilikuwa inatetemeka kila alipousogeza mchoro, maduara yalikuwa yameota pembe, na hachi (michoro ya kujazia eneo) zilikuwa zinapotea na kurudi.

"Fundi, wameniambia kadi imekufa."

"Pole, mzee. Hebu kwanza tufungue mchoro mwingine."

Tulifungua ramani ya nyumba ya vyumba vitatu kwenye mashine ile ile. Mistari ilitulia tuli. Kadi ilikuwa nzima, na ile karatasi ya duka hakuihitaji tena. Ugonjwa ulikuwa ndani ya faili lake, na nitaeleza hapa chini ulikuwa ugonjwa gani.

Nimeuandika mwongozo huu, kwa wanaotumia AutoCAD, Revit, SolidWorks na programu nyingine za kuchora ramani, majengo na vifaa, kwa sababu kisa hicho hujirudia. Mwanafunzi wa usanifu, fundi wa vyuma anayechora mageti, mhandisi wa kaunti, kila mmoja akiona skrini imeharibika hukimbilia kulaumu kadi, kwa kuwa ndicho kitu chenye jina na bei. Ila kadi ndiyo inayostahili kushukiwa mwisho. Kwanza chunguza faili, kisha mipangilio ya programu, Windows, draiva (programu ndogo inayoiwezesha Windows kuitumia kadi), joto na umeme, ndipo ufike kwenye kadi yenyewe. Ukiufuata mpangilio huo, hatua za mwanzo hazitakugharimu hata shilingi.

Kwanza, soma dalili

Kabla hujabonyeza kitu, chukua kalamu. Je, tatizo liko kwenye mchoro mmoja au kwenye yote? Liko ndani ya AutoCAD tu, au hata ukitazama video? Huanza mara tu unapowasha, au baada ya nusu saa ya kazi? Lilianza baada ya stima kukatika, baada ya Windows kujisasisha, au baada ya kupokea faili kutoka kwa mtu? Majibu ya maswali haya hupunguza kazi kwa nusu.

Kisha fanya jaribio moja ambalo wengi hawalijui. Uchafu ukiwa bado uko kwenye skrini, piga picha ya skrini kwa kibonye cha PrtSc, ihifadhi, uitume kwenye simu yako na uifungue huko. Usipige kwa kamera ya simu, maana kamera itanasa kila kitu. Ikiwa zile nukta na michirizi zinaonekana kwenye picha hata ukiitazamia kwenye simu, kosa liko ndani ya kompyuta: programu, draiva au kadi. Picha ikiwa safi ilhali monita yako bado ni chafu, basi kompyuta ilichora sawasawa na uharibifu ukatokea njiani. Badilisha waya wa HDMI, jaribu tundu lingine, jaribu monita ya jirani. Waya uliopindwa nyuma ya meza umewahi kuwafanya watu wanunue kadi.

Pili, itoe kadi kazini kwa muda

Programu hizi zote zina swichi ya kuiambia kompyuta ichore bila kutegemea kadi. Swichi hiyo ndiyo chombo chako kikuu cha uchunguzi.

Kwenye AutoCAD, andika GRAPHICSCONFIG ubonyeze Enter. Matoleo ya zamani hutumia 3DCONFIG. Dirisha litakalofunguka lina jina la kadi inayotumika na swichi ya "Hardware Acceleration". Lisome jina hilo vizuri kwani tutalirudia, kisha uzime swichi, ufunge AutoCAD na ufungue mchoro ule ule. Kwenye Revit, nenda Options, sehemu ya Hardware au Graphics kutegemea toleo, uondoe alama ya "Use hardware acceleration". SolidWorks ina "Use software OpenGL" chini ya Options, Performance, lakini kisanduku hicho hakibonyezeki mpaka ufunge faili zote zilizo wazi, na watu wengi hukwama hapo wakidhani programu imeharibika.

Ikiwa tatizo limetoweka baada ya kuzima, fuatilia draiva na kadi. Ikiwa bado lipo vile vile ndani ya programu hiyo tu, huenda kadi haihusiki, kwa hiyo rudi kwenye faili. Usisahau kuiwasha tena ukimaliza. Kuna ofisi niliyoikuta ikifanya kazi miezi kadhaa na swichi imezimwa, kila mtu akilalamika kwamba modeli za pande tatu zinaburuta.

Tatu, ugonjwa wa kodineti

Hapa nitakaa kidogo, maana katika ukanda huu wetu hili ndilo ninalokutana nalo kuliko yote, na kadi husingiziwa kila mara.

Wapima ardhi wetu hufanya kazi kwa kodineti (namba za mahali) za UTM, mfumo wa ramani unaoigawa dunia kwa kanda na kupima kila nukta kwa mita. Kisumu iko kanda ya 36 kusini. Chukua nukta yoyote mjini: mashariki yake ni karibu mita 696,000 na kaskazini yake ni karibu mita 9,990,000. Ni hivyo kwa sababu ikweta inapita jirani kabisa, na kwa upande wa kusini wa dunia ikweta yenyewe imepewa namba 10,000,000. Kwa hiyo shamba la nusu ekari linachorwa karibu mita milioni kumi kutoka kwenye sifuri ya mchoro.

AutoCAD huhifadhi kila namba kwa biti 64, na hapo hakuna shida. Shida huja wakati wa kuchora kwenye skrini, kwa kuwa kadi za grafiki kwa kawaida hupiga hesabu za kuchora kwa biti 32. Namba ya aina hiyo ina nafasi ya tarakimu saba hivi tu. Ukifika kwenye 9,990,000, namba mbili zinazofuatana ambazo kadi inaweza kuzitofautisha zimeachana kwa 1 kamili. Ikiwa kizio chako ni mita, basi jiwe la kona ya shamba na nukta iliyo sentimita 40 kando yake kwa kadi huweza kuwa kitu kimoja. Na ikiwa msanifu amezidisha ramani kwa 1,000 ili afanye kazi kwa milimita, hatua moja inakuwa milimita 1,024, zaidi ya mita nzima. Programu zina mbinu za kulifunika pengo hili, lakini mbinu hizo hushindwa, hasa kwenye hachi, maduara, maandishi na modeli za pande tatu. Ndipo mistari inapotetemeka na ukuta unapochomoza nje ya mahali pake.

Kulithibitisha ni rahisi. Andika ID, bonyeza kona yoyote ya mchoro, usome namba. Zikiwa ni za mamilioni, hifadhi nakala ya faili kwa jina jingine, kisha kwenye nakala hiyo uchague kila kitu na kukisogeza kwa amri ya MOVE, kwa mfano toka 690000,9980000 hadi 0,0. Mistari ikitulia, umepata jibu.

Tiba ni kufanya kazi ya usanifu kwenye nakala iliyosogezwa na kurudisha kwa namba zile zile unapokabidhi. Tumia namba nzima zisizosahaulika, na uziandike ndani ya mchoro wenyewe, kwenye leya yake, kwa herufi kubwa. Faili halisi la mpima usiliguse kamwe: hilo ndilo lenye ukweli wa mipaka ya watu. Na usidanganyike kwamba kuhamisha UCS, yaani sifuri unayojiwekea mwenyewe ndani ya mchoro, kutasaidia. UCS hubadilisha namba unazosomewa wewe, lakini mistari hubaki kule kule iliko.

Revit ni kali zaidi. Inataka modeli ikae ndani ya kilomita 16 kutoka kwenye sifuri yake ya ndani. Jenga karibu na sifuri hiyo, kisha utumie "Specify Coordinates at Point" kuiambia nukta moja ya jengo inalingana na kodineti gani za upimaji.

Wenzetu wa Nakuru wana mtego wa ziada. Kanda ya 36 inaishia kwenye longitudo 36 mashariki, na mji wa Nakuru uko ng'ambo kidogo tu ya mstari huo, kwenye kanda ya 37. Nukta moja ya Nakuru ina mashariki ya karibu 174,000 kwa kanda ya 37, lakini karibu 842,000 kwa kanda ya 36. Ukichanganya mafaili mawili ya kanda tofauti, utapata vipande viwili vilivyoachana kwa zaidi ya kilomita 600 ndani ya mchoro mmoja. Ukiandika ZOOM kisha E, na badala ya shamba ukaona vijinukta viwili pembeni mwa skrini tupu, ndilo hilo. Tafuta kilichopotea mbali ukifute au ukirudishe kwenye kanda yake.

Ukiwa kwenye faili, lisafishe pia: AUDIT kwa makosa ya faili, halafu PURGE kwa visivyotumika, halafu OVERKILL kwa mistari iliyolaliana. Faili lililopita mikononi mwa watu sita hubeba takataka nyingi, na uzito wake huonekana kama udhaifu wa kadi.

Nne, hakikisha kadi unayoilaumu ndiyo inayofanya kazi

Laptopu nyingi zinazouzwa kwetu kama ex-UK, zile HP ZBook, Dell Precision na ThinkPad za mfululizo wa P, zina kadi mbili: ya Intel iliyomo kwenye prosesa, na ya Nvidia au AMD yenye nguvu. Windows huchagua yenyewe itumie ipi, na mara nyingine huchagua ile dhaifu ili kuokoa betri. Kumbuka lile jina ulilosoma kwenye GRAPHICSCONFIG. Likiwa ni la Intel ilhali mashine ina Nvidia, nenda Settings, System, Display, Graphics, uongeze programu yako kwenye orodha (ya AutoCAD inaitwa acad.exe), kisha uipe "High performance". Funga programu, fungua tena, uangalie jina limebadilika.

Kwa mashine ya mezani, inama uangalie nyuma. Monita imechomekwa kwenye tundu la kadi, au kwenye tundu la bodi lililo juu yake, jirani na yale ya USB? Ikiwa ni la bodi, picha inapitia kwenye grafiki za prosesa na kadi uliyoinunua kwa pesa zako inalala.

Angalia chaja pia. Mashine kubwa za aina hii huhitaji chaja za wati 130 kwenda juu, lakini nyingi huuzwa na chaja ya wati 65 iliyotolewa kwenye laptopu ndogo. Itawaka, itachaji polepole, na mashine itajipunguzia kasi mara tu unapozungusha modeli. Wati zimeandikwa kwenye chaja. Ikiwa ni volti na ampia tu, zizidishe.

Tano, draiva

Ukiona ujumbe kwamba draiva ya skrini iliacha kujibu kisha ikarejea, au skrini ikawa nyeusi sekunde mbili tatu halafu ikarudi, fungua Event Viewer, sehemu ya System, utafute namba 4101. Windows huipa kadi sekunde 2 kumaliza kazi. Ikichelewa, huikatiza na kuiwasha upya. Skrini ikiganda, bonyeza kwa pamoja kibonye cha Windows, Ctrl, Shift na B. Hiyo huiwasha draiva upya bila kuifunga programu, na imeniokolea kazi ambayo sikuwa nimeihifadhi.

Kama tatizo lilianza baada ya Windows kujisasisha, fungua Device Manager, Display adapters, uingie kwenye kadi na ubonyeze "Roll Back Driver". Kibonye kikiwa kimefifia, itabidi uisakinishe upya kwa usafi. Pakua kwanza draiva sahihi kutoka kwa mtengenezaji wa kadi, au wa laptopu yenyewe, ambayo kwa laptopu za zamani huwa salama zaidi. Draiva za Nvidia hufikia megabaiti 600 na zaidi, kwa hiyo ngoja bando la usiku, na ukishapata uihifadhi kwenye flashi. Pakua pia programu ya bure iitwayo DDU. Zima intaneti ili Windows isijiletee draiva yake katikati ya kazi, ingia kwenye Safe Mode (Windows ikiwaka na vitu vichache tu), endesha DDU ing'oe mabaki yote, washa upya, kisha usakinishe ile uliyoiweka.

Mpya zaidi si lazima iwe bora zaidi. Autodesk na SolidWorks huchapisha orodha za kadi na draiva walizozijaribu. Itafute kadi yako humo utumie toleo wanalolitaja. Kwa kadi ya GeForce, yaani Nvidia ya kawaida, chagua draiva ya "Studio" badala ya ile ya michezo. Kwa Quadro, yaani Nvidia ya kazi za kitaalamu, tumia draiva ya Quadro. Na ukiwa na Quadro ya kizazi cha Kepler, mfano K2000, fahamu kwamba tawi la draiva la 470 ndilo la mwisho kwake. Usipoteze bando kutafuta lililo jipya zaidi.

Device Manager ikionyesha Code 43 (Windows imeisimamisha kadi kwa sababu imeripoti hitilafu) hata baada ya usafi huo, jiandae kwa habari mbaya, ingawa bado joto na umeme havijapimwa.

Sita, joto na wadudu

Mchana wa Kisumu hufika nyuzi 30, na chumba chenye bati bila dari huzidi hapo. Fungua Task Manager, Performance, GPU, utazame joto la kadi huku ukizungusha modeli nzito kwa dakika 15. Nyuzi 80 hivi chini ya kazi nzito hazinitishi. Zikipanda hadi 90 na kukaa hapo, kadi hujipunguzia kasi ili isiungue, na hapo utaona mchoro ukianza kukwama baada ya muda ilhali asubuhi ulikuwa mwepesi.

Zima, chomoa waya wa stima, fungua ubavu. Nakuru utakuta vumbi jepesi limejaa kwenye feni. Huku kwetu utakuta vumbi pamoja na wale wadudu wadogo wa ziwani wanaofuata taa usiku, wamekaukia kwenye mapezi ya bati la kupoza joto hadi hewa haipiti. Ukipuliza, shikilia feni kwa kidole isizunguke, kwani ikizungushwa kwa kasi na upepo inaweza kuharibika. Kwa mashine ya zaidi ya miaka minne au mitano, mwambie fundi afute na apake upya ule ute wa kijivu ulio kati ya chipu na bati. Na ukifanya kazi usiku karibu na ziwa, weka wavu dirishani.

Saba, stima

Kompyuta ikizimika ghafla au kujiwasha upya mara tu modeli inapoanza kuzunguka, bila ujumbe wowote, mimi hushuku pawa saplai kabla ya kadi. Tundu la bodi inamochomekwa kadi linaweza kuipa wati 75 tu. Kadi inayohitaji zaidi huwa na tundu la pini 6 linaloongeza wati 75, au la pini 8 linaloongeza 150. Hakikisha waya huo umechomekwa hadi ukalia, na kwamba hautoki kwenye kiunganishi cha kubahatisha. Lebo ya pawa saplai ya bei rahisi isikuridhishe. Azima iliyo bora kwa mtu, ujaribu kwa saa moja.

Radi za Kisii, Kakamega na kando ya ziwa zinajulikana. UPS itakupa dakika za kuhifadhi kazi, lakini mawingu yakikusanyika, chomoa ukutani, na uchomoe waya wa intaneti pia. Nimeona bodi ikiungua kupitia waya wa mtandao ilhali wa stima ulikuwa umechomolewa.

Nane, sasa kadi yenyewe

Umefika hapa kwa haki. Chomoa kadi, futa meno yake ya dhahabu kwa kitambaa kikavu kisicho na nyuzi, irudishe hadi klipu ishike. Washa, kisha uingie kwenye BIOS, ile skrini ya mipangilio ya kompyuta yenyewe, kabla Windows haijaanza. Nukta za rangi au michirizi ikionekana hata huko, draiva haina hatia, kwa sababu bado haijapakiwa. Ihamishie kadi kwenye kompyuta nyingine: uchafu ukiifuata, kadi imeharibika, na mara nyingi ni kumbukumbu yake. Yupo atakayekuambia ataichoma kwa hewa ya moto ipone. Inaweza kuwaka wiki kadhaa, kisha itakufa ukiwa na kazi ya mteja mkononi. Usimlipe.

Ukilazimika kununua iliyotumika, kuna kadi za zamani zilizobadilishwa jina ndani ili zionekane GTX 1050 Ti. Programu ya GPU-Z huzigundua nyingi na kuandika neno FAKE mbele ya jina. Ishara nyingine ni tundu la VGA la rangi ya buluu: kizazi hicho cha GeForce kiliacha kutoa mawimbi ya VGA, kwa hiyo kadi inayodai ni 1050 Ti na ina tundu hilo irudishe kwenye rafu.

Nenda dukani na flashi yenye GPU-Z na mchoro wako mzito kuliko yote. Omba kadi ichomekwe mbele yako, fungua mchoro huo, uuzungushe kwa dakika 30 huku ukitazama joto, upige picha ya skrini mwanzoni na mwishoni, na uandikiwe kwenye risiti jina kamili la kadi, namba yake ya mfululizo (serial number) na siku za kuirudisha.